Shaaban Robert: karani mwenye aliwajengea watoto nchi angani

Katika Mahagi, sawa vile Aru, Djugu na Bunia, watoto wengi wanakua na hadithi za sungura na fisi, zenye wazee wanasimulia jioni karibu na moto. Lakini kuko mtu mmoja mwenye alichukua ufundi ule wa kusimulia na kuuweka ndani ya vitabu vya Kiswahili. Jina lake Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, kijiji cha karibu na mji wa Tanga, katika Tanganyika ya wakati ule, leo Tanzania. Masomo alifanya Dar es Salaam, kuanzia 1922 mpaka 1926. Hakuenda mbali zaidi. Kiisha masomo akaingia kazi ya serikali ya wakoloni: alikuwa karani wa forodha kule Pangani kwa miaka mingi, halafu akapelekwa Longido, na mwisho akarudi Tanga. Mchana aliandika karatasi za wakubwa, na wakati wake mwenyewe akaandika mashairi na hadithi.

Mwaka wa 1951 kitabu chake Kusadikika kilitoka. Kusadikika ni nchi yenye iko angani. Kijana mmoja, Karama, anashitakiwa kwa sababu anataka kufundisha watu elimu ya sheria. Mbele ya mfalme na wakubwa, hajitetei kwa matusi. Anawakumbusha wajumbe sita wenye nchi ilituma kila upande: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mawazo mazuri ya kusaidia nchi, na kila mmoja alitupwa gerezani. Mwishoni Karama anaachiliwa, na wale sita pia wanafunguliwa.

Mtoto anaposoma, anaona safari na maajabu. Mtu mzima anaona jambo lingine: serikali yenye inaogopa watu wake wakijua haki zao. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe alikula mshahara wao. Kusema wazi kungeweza kumletea matata. Ndiyo maana wasomaji wengi wanasema ile nchi ya angani ilikuwa njia ya kuongelea nchi ya chini.

Mwaka uliofuata, 1952, kikatoka Adili na Nduguze. Humo muna majini, mji wa mawe, na ndugu wawili wenye wivu wanaogeuzwa manyani. Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku, na moyo wake unaumia, ju hata kama walimtendea vibaya, wangali ndugu zake. Hadithi haimalizikie kwa kisasi. Wale ndugu wanasamehewa na wanarudi kuwa watu.

Aliandika pia Kufikirika, nchi nyingine ya mawazo, lakini hakuiona ikiwa kitabu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na yeye akafariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Kufikirika, Utubora Mkulima na vingine vilichapishwa nyuma ya kifo chake.

Leo wengi wanamuita baba wa fasihi ya Kiswahili. Kule Dar es Salaam shule na barabara zinabeba jina lake, na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya wamesoma vitabu vyake darasani.

Katika Kongo, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, na katika Ituri ndicho watu wa makabila mbalimbali wanatumia sokoni ili wasikilizane. Lakini mtoto mwingi anakisema bila kushika hata siku moja kitabu cha hadithi chenye kiliandikwa ndani yake. Mzazi mwenye anavuka mpaka kwenda Uganda ao Kenya anaweza kuuliza Adili na Nduguze. Ni kitabu kidogo, na jioni moja moja kinatosha kusomewa nyumba nzima.