Mestre Bimba na jina lililokwepa sheria

Manuel dos Reis Machado alizaliwa Salvador, katika Bahia ya Brazili, Novemba 1899. Jina la Bimba alilipata siku hiyohiyo. Mama yake na mkunga walikuwa wamewekeana dau kuhusu jinsia ya mtoto, na bimba kwa watu wa Bahia ni neno la mzaha la kutaja kile kinachomtambulisha mtoto wa kiume. Mkunga akashinda. Maisha yake yakaanza na neno, ndiyo maana nimethubutu kumleta katika jarida la wanaisimu.

Utumwa ulikuwa umekomeshwa Brazili mwaka wa 1888. Miaka miwili baadaye kanuni ya adhabu ya 1890 ikataja kapoeira kwa jina: aliyeicheza barabarani alifungwa miezi 2 hadi 6, na viongozi wa kundi adhabu iliongezwa maradufu. Mchezo wa watu waliotolewa Angola na Kongo, unaoongozwa na upinde wenye kibuyu ambao Waangola huuita hungu, ukawa alama ya mhuni na mwizi.

Bimba aliufundishwa na Mwafrika aitwaye Bentinho. Mchana alifanya kazi za mikono: kubeba mizigo bandarini, useremala, kuchoma makaa. Baba yake alikuwa bingwa wa batuque, mapigano mengine ya watu weusi, na mwana akachanganya mbinu za baba na kapoeira aliyoijua. Alichukia kuona mchezo umekuwa maonyesho ya kuokota vijisarafu mbele ya wageni. Mwaka wa 1936 aliwaalika hadharani wapiganaji wa mtindo wowote, akawashinda waliojitokeza.

Lakini ngumi hazifuti kifungu cha sheria. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, akili yake ilipoonekana zaidi. Shule yake hakuiita ya kapoeira. Mafunzo yake aliyapa jina la Luta Regional Baiana, yaani mapigano ya jimbo la Bahia. Sheria ilikataza neno, naye akaliacha nje ya mlango. Inasimuliwa kwamba gavana Juracy Magalhães alipomwita ikuluni, alidhani anakwenda kukamatwa. Kumbe alitakiwa kuonyesha mchezo. Tarehe 9 Julai 1937 idara ya elimu ya Bahia ikaiandikisha shule yake kama shule ya elimu ya viungo. Karatasi hiyo ilikuwa ngao yake. Tangu 1939 alifundisha hata wanajeshi wa akiba, na kanuni mpya ya adhabu ya 1940 haikuitaja tena kapoeira.

Ulinzi huo ulikuwa na bei. Bimba aliwataka wanafunzi wawe na kazi au wawe wanasoma, akawakataza pombe na sigara, akawavika mavazi meupe. Wanafunzi wa udaktari na wana wa matajiri wakajaa. Je, kijana wa bandarini asiye na kazi, yule ambaye polisi walimwinda kwa miaka mingi, aliingilia mlango gani? Wapo waliomlaumu kwamba aliusafisha mchezo kwa kuwaondoa wenyewe. Mestre Pastinha, kwa upande wake, alishika mtindo wa zamani na kuuita wa Angola. Mimi lawama hiyo naiona nzito, ila sijui ni njia gani nyingine ilikuwa wazi kwa mtu mweusi, maskini, chini ya sheria ile.

Mwaka wa 1953 alicheza mbele ya Rais Getúlio Vargas, aliyeisifu kapoeira kuwa mchezo wa kweli wa taifa. Sifa hazikuleta mkate. Mwaka wa 1973, akiwa amechoshwa na viongozi wa Bahia, alihamia Goiânia kwa ahadi ambazo hazikutimia, akafa huko tarehe 5 Februari 1974, maskini. Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Bahia kilimpa udaktari wa heshima mwaka wa 1996.