Mbegha: Mtoto wa mkosi aliyegeuka mfalme wa Usambara

MTOTO akianza kuota meno siku hizi, wazazi humnunulia dawa ya homa na kuwapigia simu ndugu kuwapa habari njema. Katika milima ya Nguu, takriban karne tatu zilizopita, jino la kwanza lilikuwa hukumu. Likichomoza chini, mtoto alikuwa salama. Likichomoza juu, mtoto huyo aliitwa kigego, na kigego hakutakiwa kuachwa akue, kwa kuwa iliaminika kwamba uhai wake ungeuangamiza ukoo mzima.

Mbegha aliota meno ya juu kwanza.

Mtu huyo aliyepaswa kuuawa akiwa mchanga ndiye aliyekuja kuasisi utawala wa Wakilindi, uliokuwa na makao yake Vugha, si mbali na Soni, wilayani Lushoto, mkoani Tanga. Wajukuu na vitukuu vyake waliitawala milima ya Usambara na, katika kilele cha nguvu zao, nchi tambarare inayoizunguka. Hata baada ya kuja Wajerumani na kisha Waingereza, jina la Wakilindi lilibaki na uzito wake hadi Serikali ilipofuta mamlaka ya machifu baada ya Uhuru.

Zipo njia mbili kuu za kuyajua maisha yake. Ya kwanza ni masimulizi ya wazee wa Kisambaa. Ya pili ni Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa Pwani aliyewahi kuwatumikia Wakilindi wenyewe. Kitabu hicho kilianza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo ni miongoni mwa kazi nzuri za historia zilizowahi kuandikwa kwa Kiswahili.

Baadaye mwanahistoria wa Marekani, Steven Feierman, aliishi Usambara na kukusanya masimulizi mengi, kisha akatoa kitabu mwaka 1974. Feierman alionyesha kuwa kisa cha Mbegha kina historia ndani yake, lakini pia kimefinyangwa na vizazi vya wasimulizi waliotaka kueleza mfalme ni mtu wa namna gani. Msomaji atakayetaka kuchuja kipi kilitokea hasa na kipi kimeongezwa na ndimi za wazee atapata kazi ngumu. Yanayofuata ni maisha ya Mbegha kama Wasambaa wanavyoyakumbuka.

Wazazi wake walimpenda, wakakataa kumwua. Katika jamii iliyoamini kwamba mtoto wa namna hiyo ni kifo kinachotembea, uamuzi huo haukuwa mdogo. Walimlea, akakua akawa kijana mwenye nguvu, na kwa muda wote wazazi hao walipokuwa hai hakuna aliyethubutu kumgusa.

Walipofariki dunia, deni lililoahirishwa likadaiwa. Ndugu wa ukoo walikataa kumpa Mbegha urithi. Kila msiba uliotokea katika familia ulihesabiwa juu yake. Akifa mzee kwa uzee, ni Mbegha. Akifa mtoto kwa homa, ni Mbegha. Hakuwa na baraza la kumtetea, wala ushahidi wowote ambao ungemsafisha, kwa sababu kosa lake lilikuwa kinywani mwake tangu utoto.

Hapa ndipo maisha ya watu wengi walio katika hali kama yake huishia. Mtu huambiwa ni nuksi mpaka akaamini, akajikunyata pembeni, akawa kweli mtu asiyefaa kitu. Ama huchagua njia nyingine, akakesha akipanga kisasi, na maisha yake yote yakatumika kuwajibu wale waliomkataa. Mbegha alikuwa na sababu za kutosha za kufuata mojawapo.

Alishika mkuki, akachukua mbwa wake, akaingia porini kuwinda nguruwe mwitu. Kwa macho ya watu wa Nguu huenda hilo lilionekana kuwa anguko jingine, maana mtu aliyenyimwa shamba na mifugo ana nini tena zaidi ya pori? Lakini ndiko alikojifunza kazi iliyomfaa kuliko urithi wowote ambao ndugu zake wangempa. Alijifunza nyayo, upepo, subira na tabia za wanyama wakali. Mbwa wake mkubwa, Chamfumu, ametajwa kwa jina katika masimulizi, heshima ambayo ndugu zake wengi hawakuipata.

Kutoka Nguu alikwenda Kilindi. Huko hakuna aliyejali meno yake. Walichokiona ni mwindaji hodari aliyegawa nyama bila choyo, na mtoto wa chifu wa mahali hapo akampenda hata wakachanjiana damu wakawa ndugu. Kwa mara ya kwanza tangu wazazi wake wafe, Mbegha alikuwa na mtu wa kumwita ndugu yake.

Furaha hiyo haikudumu. Kijana wa chifu alitaka naye aende mawindoni. Walikwenda, na katika mapambano na nguruwe mwitu kijana yule akauawa.

Ni vigumu kufikiria pigo baya zaidi kwa mtu wa aina yake. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba yeyote anayemkaribia hufa, na sasa rafiki pekee aliyempata alikuwa amelala chini mbele yake. Pengine usiku ule hata yeye mwenyewe alijiuliza kama watu wa Nguu hawakuwa wamesema kweli. Wasimulizi hawatuambii aliyoyawaza. Wanatuambia tu alichokifanya: alikimbia, na vijana wa Kilindi waliokuwa naye mawindoni, ambao nao waliogopa kurudi kwa chifu bila mtoto wake, wakakimbia pamoja naye.

Jambo hilo la vijana wale linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Wangeweza kumkamata wakamtoa kwa chifu ili wao wasalimike. Walichagua kumfuata mtu asiye na nyumba, asiye na ukoo, anayetafutwa. Kundi hilo la wakimbizi ndilo lililokuwa chanzo cha ukoo wa kifalme, na jina lao, Wakilindi, lilitokana na nchi waliyoikimbia.

Waliishi maporini na mapangoni, wakihama huku na kule kando ya milima ya Usambara, chakula chao kikiwa nyama ya mawindo. Wasambaa waliokuwa wakiishi juu, katika vijiji vyenye migomba na mashamba ya nafaka, waliuona moshi wa mioto yao ukipanda kutoka pori ambalo halikuwa na watu.

Moshi wa wageni haukuwa habari njema wakati huo. Ungeweza kuwa wa maadui. Wanakijiji walikwenda kuchungulia kwa hofu, wakamkuta mwindaji akiwa na nyama nyingi kuliko walivyoweza kula yeye na wenzake. Mbegha aliwapa nyama hiyo. Nao, kwa adabu ya watu wa milimani, wakarudi na vyakula vya shamba.

Mabadilishano hayo madogo ndiyo kiini cha kisa kizima. Nguruwe mwitu walikuwa adui wa kila mkulima wa Usambara. Shamba la miezi mingi liliweza kufyekwa kwa usiku mmoja. Ujuzi ambao Mbegha aliupata kwa sababu alifukuzwa ukoo, Wasambaa walikuwa wakiuhitaji kila msimu. Alipowaua nguruwe, aliokoa mazao yao na akawapa kitoweo kwa pamoja. Hakufika akidai shamba, wala hakuanza kwa kueleza namna alivyodhulumiwa na watu wa kwao.

Vitabu vinavyouzwa kando ya barabara za miji yetu, vile vya kufundisha namna ya kubadili fikra ili mtu afanikiwe, mara nyingi humwambia msomaji ajione kuwa mshindi mpaka awe mshindi. Maisha ya Mbegha hayaendi hivyo kabisa. Hakuna mahali masimulizi yanapomwonyesha akijiambia kuwa yeye ni mkubwa. Wanaomwona akitazama ni watu wengine: wana njaa ya nini, wanaogopa nini, wanagombana kwa sababu gani.

Ugomvi ulikuwepo. Kabla yake, Wasambaa hawakuwa na mfalme mmoja. Kila sehemu ilikuwa na wazee wake, na mashauri kati ya ukoo na ukoo yalichukua muda mrefu kwisha kwa sababu kila mwamuzi alikuwa ndugu wa upande mmojawapo. Mbegha hakuwa na ndugu yeyote milimani. Kasoro hiyo ikageuka kuwa sifa: mgeni asiye na upande aliweza kukaa katikati, akasikiliza, akaamua, na pande zote zikaondoka zikiwa zimetosheka. Sifa zake zikaenea Bumbuli na vijiji vya jirani, na wazee wakampa binti zao awaoe.

Haifai kumfanya malaika. Yapo masimulizi yanayomtaja pia kuwa mtu wa dawa na hirizi nzito, aliyejua kuogopwa kunasaidia nini. Mtu aliyekua akiitwa hatari hakuitupa sifa hiyo yote. Aliibakiza kiasi, akaitumia.

Habari zake zilipofika Vugha, wazee wa huko walimwomba aende akae kwao. Usiku mmoja wa safari hiyo simba alivamia. Mbegha alimuua. Asubuhi watu walipouona mzoga wa mnyama huyo, walimsalimu kwa jina la Simba Mwene, yaani simba mwenye nchi, na jina hilo likawa la wafalme wote wa Vugha waliomfuata.

Utawala wake haukujengwa kwa vita. Alioa katika koo na vijiji mbalimbali, na watoto wake walipokua, kila mmoja aliwekwa kutawala palipokuwa na wajomba zake. Kwa mpango huo kila kijiji kikubwa kilikuwa na mpwa wake katika utawala, na kuupinga utawala wa Vugha kukawa sawa na kumpinga mtoto wa dada yako. Kwa mtu aliyenyimwa ukoo, ni jambo la kushangaza kwamba silaha yake kubwa ilikuwa kutengeneza undugu.

Wasambaa wana maneno mawili yanayoeleza kazi ya mfalme: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Waliamini kwamba mtu mwenye uwezo wa kuleta mvua ndiye mwenye uwezo wa kuizuia, hivyo nguvu ikiwa mikononi mwa mmoja nchi hupona, na wenye nguvu wakishindana nchi hufa njaa. Ukiisoma habari ya Mbegha kwa jicho hilo, utaona kwa nini wazee hawakuificha habari ya meno yake. Mtu aliyedhaniwa kuua ukoo wake ndiye hasa waliyemtaka awe upande wao.

Alipofariki dunia, kifo chake kilifichwa. Wazee wachache tu ndio waliojua, na walimwita kwa siri mwanawe Bughe kutoka Bumbuli ili kiti kisikae wazi hata siku moja. Watu wa Vugha walitangaziwa mfalme mpya kwanza, msiba baadaye.

Baada ya Bughe walifuata wengine, na mkubwa kuliko wote alikuwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akakuta ufalme ulionyooka kutoka milimani kuelekea pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862, watoto na wajukuu zake wakapigana wao kwa wao, na nchi ikaingia katika miaka ya njaa na biashara ya utumwa. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, chifu wa Vugha, na makao ya Serikali ya kikoloni yakawa Wilhelmstal, mji ambao leo ni Lushoto.

Imani ya kigego haikuzikwa pamoja na Mbegha. Wamisionari walioingia katika nchi hizi kizazi baada ya kizazi waliikuta bado ina nguvu, na wapo watoto waliookolewa kwa kupelekwa misheni usiku. Katika ufalme uliojengwa na kigego, akina mama waliendelea kupitisha kidole katika ufizi wa watoto wao, wakitafuta jino la kwanza limechomoza upande gani.