Dakta Johnson na Bilauri ya Divai

Safari hii twawaletea habari za Dakta Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi kubwa ya lugha yake. Wengi humkumbuka kwa kamusi hiyo na kwa ulimi wake mkali. Sisi tumemchagua kwa sababu nyingine. Mtu huyu aliishi kwa akili yake, hakuwa na mali nyingine, na kwa muda wa miaka kadhaa aliona kwamba divai ilikuwa ikimwibia mali hiyo.

Alizaliwa mjini Lichfield tarehe 18 Septemba 1709, mwana wa mwuza vitabu. Utotoni alipata ugonjwa wa matezi uliomharibu macho na kumwachia makovu usoni. Alikwenda chuoni Oxford mwaka 1728, lakini baada ya mwaka mmoja na kidogo alirudi nyumbani kwa kukosa fedha. Hapo ndipo aliposhikwa na huzuni nzito, nayo haikumwacha maisha yake yote. Akaingiwa na hofu kwamba huenda akarukwa na akili, na hofu hiyo ilimtisha kuliko umaskini.

Kitabu chake cha kwanza, mwaka 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za Padre Jerónimo Lobo, Mreno aliyekwenda Uhabeshi, na ambaye katika kuitafuta njia ya kufika huko alipita pwani yetu ya Pate. Mwaka huohuo alimwoa mjane Elizabeth Porter, aliyemzidi umri kwa miaka 20. Mwaka 1737 akahamia London kutafuta riziki kwa kalamu. Kamusi aliianza mwaka 1746, akiwa na waandishi sita tu wa kumsaidia kunakili, akaitoa mwaka 1755 ikiwa na maneno zaidi ya 40,000. Mkewe hakuiona. Alifariki mwaka 1752, na husimuliwa kwamba miaka yake ya mwisho naye alikuwa amezoea sana vileo.

Johnson hakuwa mlevi wa kuanguka njiani. Alikuwa na mwili mkubwa wenye nguvu, na mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kumaliza chupa tatu za divai kali bila kuonekana amedhurika. Pengine jambo hili ndilo lililomficha hatari. Tena alikiri kwamba hakuipenda divai kwa ajili ya kuchangamka na wenzake. Aliinywa akiwa peke yake, apate kujikimbia nafsi yake na mawazo yake. Msomaji atazame vizuri hapo. Anywaye ili asiwe na mawazo, asishangae mawazo yakimwacha hata saa anayoyahitaji.

Basi mwaka 1756 Johnson aliahidi kutoa tamthilia za Shakespeare zenye maelezo yake, na watu wakajiandikisha na kulipa fedha. Kazi ilikuwa imalizike kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Ilichukua miaka tisa. Mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu alimpa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka, hivyo njaa haikumsukuma tena kukaa mezani. Alilala hadi adhuhuri, akakesha na marafiki, akaona haya mbele ya waliomlipa.

Katika daftari lake la sala, lililochapishwa baada ya kufa kwake, yamo aliyoandika wakati wa Pasaka, Aprili 1764. Humo anajihesabu mbele ya Mungu kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Anasema kwamba tangu mwaka uanze amejizuia kwa kiasi fulani asizidishe vileo, lakini tamaa zingali zinamtawala. Kisha anaeleza jambo geni: usahaulifu umemfunika hata hajui mwaka uliopita umekwenda wapi, na habari na matukio yanampitia bila kuacha alama yoyote. Huyu ni mtu ambaye watu walishangaa jinsi alivyokumbuka kurasa alizosoma mara moja!

Hatusemi kwamba divai peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Huzuni nayo hulegeza kumbukumbu. Lakini waganga wa leo wanaweza kueleza sehemu kubwa. Kileo huzuia ubongo kuhifadhi habari mpya. Mnywaji aweza kusikiliza, kujibu, hata kufanya mzaha, na kesho yake asikumbuke kitu. Humfanya mtu asinzie upesi, kisha hukatakata usingizi wake usiku wa manane, na usingizi ndio wakati ambapo ubongo hupanga mambo ya mchana. Anayekunywa sana kwa miaka mingi hupungukiwa na vitamini B1, na upungufu huo ukizidi kumbukumbu yaweza kuharibika isirudi tena. Anayeacha, kwa kawaida huanza kuona utulivu wa mawazo baada ya majuma kadhaa, nao huendelea kuongezeka kwa miezi mingi. Lakini si kila kilichopotea hurudi. Na tutie neno hapa: aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, kwa maana mwili wake waweza kushikwa na kifafa na kuweweseka kwa hatari.

Kitabu cha Shakespeare kilitoka hatimaye mwaka 1765. Rafiki yake James Boswell alipomwona tena mwanzoni mwa 1766, alikuta Johnson ameacha divai kabisa na kunywa maji au maji ya ndimu. Alikuwa amejijua: kunywa kidogo kulimshinda, kutokunywa kabisa akakuweza. Hakuwahubiria wenzake. Aliketi nao mezani hadi usiku, wao na divai yao, yeye na chai yake isiyo na idadi, na katika mabishano hakuna aliyemshinda.

Huzuni haikuondoka. Mwaka huohuo wa 1766 ilimlemea hata jamaa ya Thrale, rafiki zake wenye mali, wakamchukua kumtunza nyumbani kwao Streatham. Na mwaka 1781 alirudia divai kwa muda, kisha akaiacha tena. Tunayataja haya ili mtu asidhani mambo yalinyooka. Lakini kazi zake zinaonekana. Mwaka 1773, akikaribia miaka 64, alizunguka Scotland pamoja na Boswell, na mwaka 1775 akatoa kitabu cha safari hiyo. Mwaka 1777 wauza vitabu walimwomba maelezo mafupi juu ya washairi wa Kiingereza. Akaandika maisha ya washairi 52, mengi yake akiyatoa kichwani, akamaliza mwaka 1781.

Akili yake aliilinda kama mtu alindavyo amana ya mwingine. Uzeeni, alipoogopa kwamba inapungua, alijipima kwa kujifunza Kiholanzi, akisoma kitabu cha Thomas à Kempis kwa lugha hiyo. Alipoona angali anashika, akaacha. Usiku mmoja wa Juni 1783 aliamka amepatwa na kiharusi, na ulimi umefungwa. Akamwomba Mungu amwachie akili hata kama mwili utateswa, na sala hiyo akaitunga kwa beti za Kilatini ili aijaribu akili yenyewe. Beti hazikuwa nzuri. Alitambua kwamba si nzuri, na kwa kutambua hivyo akajua kwamba akili i salama. Baada ya siku chache maneno yalianza kumrudia.

Desemba 1784 alimtaka daktari wake amwambie kweli kama atapona. Alipojibiwa kwamba hatapona ila kwa mwujiza, alikataa dawa zote, hata afyuni ya kutuliza maumivu, na chochote chenye kulevya, akitaka kuirudisha roho yake kwa Mungu bila wingu juu yake. Alifariki jioni ya tarehe 13. Chumbani alikuwamo Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika, akakaa na Johnson zaidi ya miaka 30, naye ndiye aliyeachiwa sehemu kubwa ya mali.