Nabii Yusuf (A.S.) na Nduguze

Nabii Yusuf, mwana wa Nabii Yaakub (A.S.), maisha yake yamesimuliwa mfululizo katika sura moja ya Qur'ani Tukufu, sura ya 12, yenye aya 111. Sura hiyo iliteremka Makka, wakati Mtume Muhammad (S.A.W.) alipokuwa akiudhiwa na jamaa zake mwenyewe, ikawa liwazo kubwa kwake.

Yusuf alipokuwa mdogo aliota nyota kumi na moja, na jua na mwezi, vyote vinamsujudia. Babaye alimkataza kuwahadithia nduguze, kwani alichelea husuda yao. Nao walipoona anapendwa kuliko wao walikusudia kumwua, mpaka mmoja wao akawashauri wamtie kisimani. Wakarudi usiku wakilia, na kanzu yake wameipaka damu ya uwongo. Msafara ukampata, akauzwa kwa dirhamu chache, akaingia nyumba ya mkubwa mmoja wa Misri. Mke wa mkubwa huyo akamtaka, naye akakimbia. Kanzu iliyopasuka kwa nyuma ikashuhudia usafi wake. Juu ya hayo akafungwa gerezani miaka, na humo akawalingania wafungwa wenziwe tauhidi kabla ya kuwafasiria ndoto zao.

Kisha mfalme aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Yusuf akafasiri kuwa itakuja miaka 7 ya neema, na baada yake 7 ya shida. Zingatia, ewe msomaji, aliyoyafanya baada ya hapo. Hakuandika hirizi wala hakuagiza kafara. Aliwaamuru watu walime kwa bidii, na mavuno wayaache katika mashuke yake ili yasiharibike, ila kichache cha kula. Akakataa kutoka gerezani mpaka kesi yake ichunguzwe na jina lake litakasike, kisha akaomba akabidhiwe maghala ya nchi kwa kuwa ni mhifadhi na mjuzi. Aliyekwisha kujulishwa na Mola wake kwamba njaa itakuja ndiye aliyetangulia kuweka akiba. Hiyo ndiyo tawakali ya Mitume.

Njaa ikawaleta nduguze Misri kutafuta chakula. Aliwajua, wao wasimjue. Akawataka wamlete nduguye mdogo, kisha akamzuia kwa hila ya kopo la mfalme. Katika hasira zao walimsingizia Yusuf mwenyewe wizi wa zamani, naye akalimeza neno hilo moyoni. Lakini safari hii hawakumtupa mdogo wao: waliomba mmoja wao ashikwe badala yake, na mkubwa wao akakataa kurudi kwa babaye. Hatimaye akajitambulisha, wakakiri kosa lao, akawasamehe bila ya lawama. Akapeleka kanzu yake, ikawekwa usoni pa Yaakub, na macho yaliyopofuka kwa huzuni yakaona.

Wazee wake na nduguze walipohamia Misri na ndoto ikatimia, Yusuf alimshukuru Mungu kwa kumtoa gerezani. Kisima hakukitaja, asije akawatahayarisha nduguze, na fitina iliyokuwa baina yao akaitia shingoni mwa Shetani.

Mwenyezi Mungu alikifanya kisima kuwa mlango wa kufikia maghala, na maghala yakawaponya na njaa hata wale waliomtupa. Lakini dhambi yao haikugeuka kuwa thawabu kwa sababu hiyo. Iliwabidi waungame na kuombewa maghufira. Basi anayekula urithi wa nduguye asijifiche nyuma ya kadari. Na aliyedhulumiwa kisha akapewa uwezo, afuate mwendo wa Yusuf, ndio mwendo alioufuata Mtume wetu (S.A.W.) alipoifungua Makka mwaka wa 8 wa Hijra (630), akawaacha huru waliomfukuza.

Ewe Mola, ziunganishe nyoyo za ndugu waliotengana, na utujaalie hikima ya kutenda na subira ya kungoja. Amin.