ALEXANDRE DUMAS, MWENYE HADITHI ZA PANGA

Mpenzi msomaji, ukiona sinema ya wanaume wenye kofia za manyoya wakirukia meza na kupigana kwa panga, usidhani hadithi ile ilibuniwa Hollywood. La hasha! Huenda mwenyewe ni Alexandre Dumas, mjukuu wa mtumwa Mwafrika.

Dumas alizaliwa mwaka wa 1802 huko Villers-Cotterêts, Ufaransa. Babake, jenerali shupavu, alikuwa mwana wa mtumwa huko Haiti. Jenerali alifariki mwaka wa 1806, akaacha familia bila senti. Kijana akaenda Paris, akapata ukarani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Baadaye akatunga tamthilia, kisha riwaya, akisaidiwa na Auguste Maquet. Mwaka wa 1844 The Three Musketeers ilitolewa gazetini kidogo kidogo. Wapo waliomdhihaki kwa rangi yake, lakini vitabu vyake walivisoma! Alichuma pesa nyingi, akazitapanya zote, akafa mwaka wa 1870.

Mwaka wa 1921 Douglas Fairbanks aliigiza d'Artagnan katika sinema isiyo na sauti. Nyingine zikafuata, hata mwaka wa 2023. Lakini ajabu ni hii: mwaka wa 2010 Dumas mwenyewe aliigizwa na mzungu, Gérard Depardieu, aliyetiwa weusi usoni. Watu wakalalamika, na haki yao.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka wa 2002 Ufaransa ilihamishia mabaki yake Panthéon, wanakozikwa mashujaa. Basi wenzangu, tukitazama panga, tumkumbuke mwenye kalamu.