Arnold Theiler, mganga wa mifugo ambaye jina lake limebaki ndani ya ugonjwa wa kupe

Wafugaji wa Walungu, wa bonde la Ruzizi na wa Lubero wanaujua ugonjwa huu bila kuelezwa. Ng'ombe anavimba tezi chini ya sikio, homa inapanda, anaacha kula, pumzi inakuwa nzito, povu linatoka puani, na mara nyingi baada ya wiki mbili au tatu zizi limepungua. Majirani wa Tanzania wanauita ndigana kali. Warundi na Wanyarwanda wanauita ikibagarira. Waganga wa mifugo wanauita teileriozi, kwa sababu kijidudu kinachouleta kinaitwa Theileria. Jina hilo ni la mtu: Arnold Theiler, Mswisi aliyefanya kazi Afrika ya Kusini tangu 1891 mpaka 1927, akaanzisha huko maabara ya Onderstepoort na shule ya kwanza ya waganga wa mifugo katika nchi hiyo.

Arnold Theiler alizaliwa tarehe 26 mwezi wa tatu 1867 katika mji mdogo wa Frick, jimbo la Aargau, kaskazini mwa Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana alisomea uganga wa mifugo Bern na Zürich, akamaliza 1889. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 24, alipanda meli kwenda Transvaal, jamhuri ya Waboer ambayo dhahabu yake ilikuwa inavuta watu kutoka kila upande.

Pretoria haikumpokea vizuri. Wateja walikuwa wachache, akalazimika kutafuta kazi kwenye shamba kubwa la Irene, karibu na mji. Huko, mwaka huo huo wa 1891, mashine ya kukatia majani ya mifugo ilimkata mkono wa kushoto. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kushika ng'ombe, kufungua mizoga na kupasua tezi, hilo lingekuwa mwisho wa safari. Theiler alibaki na mkono mmoja, akahamia Johannesburg na kuanza upya.

Mwaka wa 1893 ugonjwa wa ndui ulitokea katika eneo la machimbo ya dhahabu. Chanjo ilikuwa haba. Theiler alijua namna ya kuitengeneza kwa kutumia ndama, akaitengeneza. Hapo ndipo serkali ilianza kumtambua. Mwaka huo huo alimuoa Emma Jegge, aliyetoka Uswisi kumfuata.

Sotoka yavuka Zambezi

Kilichombadilisha Theiler kutoka mganga wa kawaida kuwa mtafiti ni sotoka. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka kupitia Afrika ya Mashariki, na mwanzoni mwa 1896 ukavuka mto Zambezi. Katika sehemu nyingi ulizopita, ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Mikokoteni iliyovutwa na maksai ilisimama njiani. Familia zilizoishi kwa maziwa na kulipa mahari kwa ng'ombe zilibaki mikono mitupu.

Serkali ya Transvaal ilimtuma Theiler Bulawayo kuangalia adui huyo kwa karibu. Baadaye, pamoja na Herbert Watkins-Pitchford, mganga wa mifugo wa koloni la Natal, alifanya majaribio juu ya damu ya ng'ombe waliopona. Waliona kwamba maji ya damu hiyo, yaani seramu, yanaweza kumkinga mnyama mzima. Wakati huo huo Robert Koch, mwanasayansi Mjerumani mwenye sifa kubwa, alikuwa Kimberley akijaribu nyongo ya ng'ombe waliokufa. Njia zote mbili zilitumika, na ya seramu ndiyo iliyoendelezwa zaidi katika miaka iliyofuata. Theiler akawa mganga wa mifugo wa serkali.

Vita kati ya Waboer na Waingereza vilipoanza 1899, alikwenda upande wa Waboer kuhudumia wanyama wa jeshi lao, hata Ladysmith ilipozingirwa. Waingereza walipoiteka Pretoria mwaka wa 1900, walimuacha aendelee na kazi. Walihitaji mtu wa kutunza farasi wao na kuirudishia nchi ng'ombe wake. Alipewa maabara ndogo ya Daspoort, majengo duni pembezoni mwa mji.

Ng'ombe walioletwa na ugonjwa wao

Baada ya vita, mashamba yalikuwa matupu. Ng'ombe wakanunuliwa kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki na kusafirishwa kwa meli mpaka Beira, kisha bara. Ng'ombe hao walibeba kitu ambacho kusini hakikujulikana. Kufikia 1902 vifo vilikuwa vimeenea Rhodesia na Transvaal.

Watu wengi, wakiwemo wataalamu, walidhani ni ugonjwa wa zamani wa mkojo mwekundu umekuwa mkali. Koch aliitwa tena kuja Rhodesia. Theiler alifuata njia ya subira: kulinganisha. Ng'ombe waliokwisha kupona mkojo mwekundu walikufa kwa ugonjwa mpya kama wengine, kwa hiyo kinga ya kwanza haikusaidia kitu. Kumdunga mnyama mzima damu ya mgonjwa hakukumuambukiza kwa urahisi. Na chini ya darubini alikuta katika chembe za damu kijidudu kidogo kuliko kile cha mkojo mwekundu. Mwaka wa 1904 alikipa jina lenye maana ya kidogo, parvum. Mwaka wa 1907 watafiti wa Ureno walikiweka katika ukoo mpya walioupa jina Theileria.

Aliyeonyesha kwamba ugonjwa unabebwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni ni Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa koloni la Cape. Theiler alithibitisha na kuendeleza. Kupe huyo anakunywa damu mara tatu katika maisha yake, na kila mara anadondoka na kutafuta mnyama mwingine. Akiokota kijidudu akiwa mdogo, anakipitisha kwa mnyama anayefuata, lakini hakirithishi kwa mayai yake. Hapo palikuwa na mlango wa kutokea: malisho yakiachwa bila ng'ombe kwa zaidi ya mwaka mmoja, kupe wenye ugonjwa wanakwisha. Na ng'ombe akiogeshwa kwenye josho kila baada ya siku chache, kupe anakufa kabla ya kufanya madhara.

Ilichukua nusu karne. Afrika ya Kusini ilifaulu kuufuta ugonjwa huo katika miaka ya 1950, Theiler akiwa amekwisha kufariki.

Ushindi huo ulikuwa na bei, na waliolipa zaidi hawakuwa watu wa maabara. Josho likawa lazima. Ng'ombe wa Waafrika walizuiliwa kuvuka mipaka ya wilaya, hata wakati wa mahari au njaa, na kodi ikaongezwa juu yake. Mwaka wa 1914, katika Griqualand ya Mashariki, watu walivunja majosho kwa hasira. Sayansi ya kupe ilikuwa sahihi, lakini ilifika vijijini mikononi mwa polisi, na watu waliipokea hivyo.

Onderstepoort, na fumbo la mifupa

Mwaka wa 1908 maabara mpya ilifunguliwa Onderstepoort, kaskazini mwa Pretoria, kwa msaada mkubwa wa Louis Botha, kiongozi wa Waboer aliyekuja kuwa waziri mkuu. Theiler aliiongoza. Huko ilitoka chanjo ya ulimi wa buluu kwa kondoo, iliyotumika kwa miaka karibu 40. Huko zilitoka kazi zake juu ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Na mwaka wa 1910 alieleza kijidudu cha Anaplasma, kinacholeta ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika ya Mashariki wanauita ndigana baridi. Mwaka wa 1914 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir.

Lakini kazi ambayo bado inafaa kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa magonjwa ya mlipuko ni ile ya lamsiekte. Katika nyanda kavu karibu na Vryburg, ng'ombe walikuwa wanapooza na kufa, mwaka hadi mwaka. Theiler mwenyewe kwa muda mrefu aliamini kwamba ni mmea wenye sumu. Alitafuta mmea huo, hakuupata.

Jibu lilikuja baada ya yeye na wenzake kuhamia kwenye shamba la Armoedsvlakte na kuangalia ng'ombe wanavyoishi, sio tu wanavyokufa. Ng'ombe wa huko walikuwa wanatafuna mifupa. Udongo ulikosa fosforasi, majani yakaikosa pia, na mnyama akaitafuta pale alipoweza kuipata: kwenye mizoga iliyooza. Ndani ya mizoga hiyo kulikuwa na sumu ya bakteria wa botulizimu. Kwa hiyo ugonjwa ulianzia ardhini, ukapita kwenye majani, kwenye njaa ya mnyama, kwenye mfupa, mpaka kwenye bakteria. Ukikata mnyororo sehemu yoyote, ng'ombe anapona. Wafugaji walishauriwa kuondoa mizoga na kuwapa ng'ombe unga wa mifupa uliosafishwa. Vifo vilipungua, na ng'ombe wakanenepa kuliko zamani. Matokeo yalichapishwa kufikia 1920.

Mwalimu na watoto wake

Mwaka huo wa 1920 ndipo kitivo cha uganga wa mifugo kilipofunguliwa Onderstepoort, Theiler akiwa mkuu wake wa kwanza. Kabla ya hapo, kijana wa Afrika ya Kusini aliyetaka taaluma hiyo alilazimika kwenda Ulaya. Wanafunzi wanane wa kwanza walimaliza 1924. Walisomea palepale utafiti ulipofanyika, kati ya wanyama wagonjwa na darubini. Walikuwa Wazungu, na mlango huo ulibaki umefungwa kwa Waafrika weusi kwa miaka mingi sana. Mwaka wa 1927 Theiler alistaafu, nafasi yake ikachukuliwa na P. J. du Toit, aliyekuwa msaidizi wake. Alifariki London tarehe 24 mwezi wa saba 1936, akiwa na miaka 69.

Nyumbani pia alifundisha. Mtoto wake Hans akawa mganga wa mifugo. Gertrud akawa bingwa wa kupe. Mwaka wa 1954 alichapisha pamoja na mwenzake orodha ya kupe waliojulikana Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi, Angola na Rhodesia ya Kaskazini. Kitinda mimba, Max, alikwenda Marekani na kutengeneza chanjo ya homa ya manjano inayoitwa 17D, iliyompa tuzo ya Nobel mwaka wa 1951. Kinshasa inamdai shukrani: wakati wa mlipuko wa 2016, zaidi ya watu milioni 7 wa mji mkuu walichanjwa kwa dozi ndogo ya chanjo iliyotokana na kazi hiyo.

Sotoka ilitangazwa kufutwa duniani mwaka wa 2011. Ndigana kali bado ipo. Chanjo yake, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, inahitaji kuhifadhiwa katika baridi kali na kutolewa pamoja na dawa, jambo gumu kwa mfugaji wa mlimani. Huku kwetu mashariki, ng'ombe wananunuliwa upande mmoja wa mpaka na kuuzwa upande mwingine, au wanakimbizwa usiku vita vinapofika, pamoja na kupe wao. Ndivyo ugonjwa huu ulivyofika Transvaal mwaka wa 1902. Mfugaji anayenunua ng'ombe mgeni leo bado ana kazi ileile: kumtenga mnyama huyo, kumkagua masikio, na kumuogesha kabla hajaingia zizini.