Ladislas Starewicz: Fundi Aliyeitia Uhai Mizoga

Katika historia ya filamu za vikaragosi, ni wasanii wachache waliochanganya kitisho na kicheko kwa ustadi kama Ladislas Starewicz. Alizaliwa mjini Moscow, Urusi, mnamo tarehe 8 Agosti 1882, katika familia yenye asili ya Kipolandi. Alilelewa na babu na nyanya yake mjini Kaunas, katika nchi ya Lithuania ya leo. Huko ndiko alikokuja kusimamia jumba la makumbusho ya viumbe.

Kazi hiyo ndiyo iliyomwingiza katika uhuishaji. Mnamo 1910 alikusudia kunasa pambano la mbawakawa wenye pembe. Wadudu hao hupigana usiku, na kila taa zilipowashwa, walitulia tuli. Starewicz akaamua kutumia mizoga. Aliwang'oa miguu, akaibandika upya kwa nta na nyaya, akawa anasogeza kiungo kidogo na kupiga picha, hatua baada ya hatua. Picha hizo zilipoonyeshwa kwa mfululizo, wafu wakapigana. Baadhi ya watazamaji walidhani kuwa wadudu hao walikuwa wamefunzwa.

Miaka miwili baadaye alitoa kichekesho cha ndoa kuhusu mbawakawa anayemsaliti mkewe. Panzi mpigapicha anamnasa kwa siri, kisha anaionyesha aibu hiyo hadharani. Mtazamaji hucheka, huku akijua kwamba wahusika wote ni maiti.

Baada ya Mapinduzi ya 1917, Starewicz aliihama Urusi pamoja na jamaa yake, akalowea Fontenay-sous-Bois, karibu na Paris. Nyumba yake ikawa karakana. Mkewe Anna alishona mavazi ya vikaragosi, binti yake Nina aliigiza, naye Irène akawa mshirika wake mkuu.

Filamu yake maarufu, Fétiche, ilitengenezwa mnamo 1933. Mama maskini anashona mbwa wa kitambaa. Chozi lake linamdondokea na kuwa moyo. Mbwa huyo anaondoka kumtafutia mtoto mgonjwa chungwa. Usiku anajikuta katika karamu ya Ibilisi, ambako takataka na mifupa ya samaki na ndege inafufuka na kucheza ngoma. Mandhari hayo yanatisha na kuchekesha kwa pamoja. Hata hivyo, hofu ya mtazamaji ni moja tu: je, chungwa litafika?

Aidha, Starewicz alionja uchungu wa kungoja. Picha za filamu yake ndefu, Le Roman de Renard, kuhusu mbweha mjanja anayefanana sana na Sungura wa ngano zetu, zilikamilika takriban mwaka wa 1930. Sauti ikawa kikwazo. Filamu hiyo ilizinduliwa Berlin mnamo 1937 kwa fedha za Wajerumani, wakati wa utawala wa Hitler. Wafaransa waliipata kwa lugha yao mnamo 1941, nchi yao ikiwa imevamiwa. Hivyo, hadithi inayowakejeli wenye nguvu ilifunguliwa mlango na wenye nguvu wa kuogofya zaidi.

Starewicz alifariki tarehe 26 Februari 1965, akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa bado anaandaa filamu nyingine kuhusu mbwa na paka. Vikaragosi wake walibaki wakisubiri mkono wa kuwasogeza.